Barua Niliyojisifu kwa Mkono Wangu

Katika miaka ya hamsini, bahasha niliyoiandika mimi ikionekana popote hapa Unguja, baina ya Malindi na Bububu, watu hawakuwa na haja ya kuuliza nani kaiandika. Nasema haya bila ya kuona haya. Vijana wenzangu walijivunia baiskeli, wengine kofia za viua za kushonwa kwa mkono. Mimi nilijivunia mistari. Mstari wa kalamu ya watu wengi ulikuwa mmoja tangu mwanzo wa neno hadi mwisho, kama uzi uliotolewa kwenye kibiringo. Wangu ulinenepa na kukonda, ukanenepa tena, na mimi nikiutazama nafsi yangu inaburudika.

Skuli tulifundishwa kwa nibu, ncha za chuma za kuchovya wino. Mwalimu wetu alikuwa akipita nyuma ya madawati na kurudia maneno yale yale kila siku: ukishuka, kandamiza, ukipanda, legeza. Nibu ile ilikuwa laini, ina miguu miwili iliyoshikana. Ukiikandamiza miguu inaachana, wino unashuka mpana; ukilegeza inarudi pamoja na mstari unakuwa mwembamba kama unywele. Ukikandamiza unapopanda, nibu inakwama kwenye karatasi na kukutemea wino mpaka kwenye kanzu. Mimi nilitemewa wino mara moja tu.

Nilipoajiriwa ukarani katika ofisi moja ya karibu na bandari, nikapata kalamu ya wino ya kujaza, na nibu yake ilikuwa ngumu kama msumari. Niliikandamiza, haikufunguka. Nikaikandamiza zaidi, ikatoboa karatasi. Karani mkuu alinitazama juu ya miwani yake na kuniuliza kama nachimba kisima. Basi nikawa naandika mistari ya uzi kama watu wengine, na kwa muda wa miezi miwili nilikuwa mtu wa kununa.

Nyuma ya soko la Darajani palikuwa na mzee mmoja aliyetengeneza saa na kalamu. Nilimpelekea kalamu yangu nikimtaka ailainishe nibu. Aliigeuza mara moja akanirudishia.

"Nibu ngumu hailainiki," alinambia. "Lakini inanoleka. Hapa kwenye ncha pana kidonge. Kisage kiwe bapa, kama patasi ndogo. Hapo unene hautoki tena kwenye nguvu ya mkono, unatoka kwenye upande unaoelekea kalamu. Ukivuta huku mpana, ukivuta kule mwembamba. Usikandamize kabisa. Na unoe sawasawa, usipindishe."

Alitaka kuninolea mwenyewe. Nikamwambia nitanoa nyumbani, na hapo ndipo majivuno yangu yalipoanza kunipoteza.

Mtu asiyepita chuo cha Kurani hangelikosea kama nilivyokosea mimi. Chuoni, kabla ya skuli, tulikuwa tukiandika kwenye ubao kwa kalamu za mwanzi, na mwalimu alituchongea kwa kisu, ncha kaikata mshazari. Kwangu mimi kalamu iliyonolewa ilikuwa ile tu. Sikujua kama kuna nyingine. Nikachukua jiwe la mama la kunolea kisu cha jikoni, nikalitia maji, nikakaa uani siku nzima ya Jumapili nikiisugua nibu kidogo kidogo na kuijaribu, nikaikata mshazari kama mwalimu alivyokuwa akikata mwanzi. Mama alipita akauliza kama kalamu nayo inakwenda kuchuna samaki.

Nilipoijaribu kwa herufi za Kiarabu, wallahi, nilipiga kelele ya furaha. Mistari ya kulala ilitoka minene na laini, ile ya kusimama ilitoka myembamba, mikia ya herufi ikapinda na kuishia kama ncha ya sindano. Nikageukia herufi za Kizungu, ambazo ndizo nilizokuwa nikilipwa kuziandika, na zote zikatoka kinyumenyume. Pale mwalimu wa skuli alipotaka unene pakawa na wembamba, na pale alipotaka wembamba pakawa na unene. Herufi ya t ilikuwa kijiti chembamba kilichobebeshwa ubao.

Yule mzee wa saa alicheka mpaka akavua miwani. "Umejitengenezea kalamu ya msahafu, wewe," alisema. "Lete nikunyooshee."

Sikumpa. Mtu aliyesugua siku nzima hakubali kuambiwa kakosea. Nilikwenda zangu nikajifunza kuishi na kosa langu. Niligundua kwamba nikiilaza karatasi kidogo upande wa kushoto, na mkono ukatembea wote kuanzia begani badala ya kuchezacheza vidole, mistari inakaa kwa mpango. Niligundua pia kuwa karatasi yenye manyoya inakunywa wino na kuharibu wembamba wote, na kwamba mtu mwenye haraka hapati tofauti yoyote ya unene, anapata madoa. Baada ya wiki tatu herufi zangu zilikuwa zimelala vizuri na hazifanani na za mtu yeyote mjini. Watu waliziona mpya, wakazipenda. Hakuna aliyejua kuwa ni makosa, na mimi sikuwa na sababu ya kuwaeleza.

Ndipo wakaanza kunijia na barua za posa.

Kwetu barua ya posa ni maneno ya mzazi wa kiume, au ami kama mzazi hayupo. Yeye ndiye anayemsifu kijana wake na kuomba binti kwa mwenzake. Mshenga anaipeleka imefungwa ndani ya leso nzuri. Kijana mwenyewe haiandiki, haipeleki wala haisomi. Yeye kazi yake ni kukaa na kungoja. Lakini wazee wengine mikono yao haikuwa ya kuandikia, wakawa wananijia wanakaa mbele yangu, wananitajia maneno yao, na mimi nayatia kwenye karatasi. Mkono wangu, maneno yao. Niliziandika nyingi. Moja iliandikwa kwa ajili ya watu wa Mangapwani, ikapelekwa kwa mzee mmoja wa Bububu aliyekuwa na mabinti wawili, kumwombea yule mkubwa. Ilikubaliwa, na mimi nikaletewa sinia la halua. Nikaila na kumsahau mzee yule wa Bububu.

Binti yake mdogo alikuwa akisomea ualimu mjini, na siku za masomo akikaa kwa shangazi yake, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta hapo Malindi. Shangazi huyo alinipa siku moja madaftari ya binti niyaandike majalada. Nikayaandika kwa mbwembwe zangu zote. Kesho yake akanigongea.

"Binti anasema ahsante sana," alisema, na nikaona anajizuia kucheka. "Lakini anauliza, hizo t zako mbona zimejitwika mizigo? Ati anaziogopa zisije zikamwangukia."

Nilikasirika siku mbili. Mji mzima unasifu mwandiko wangu, halafu mwanafunzi wa ualimu anausema hadharani! Siku ya tatu nilichukua karatasi, nikaandika mstari mzima wa herufi t peke yake, nyepesi nyepesi, nikamwomba shangazi ampelekee. Jibu lilirudi na maneno mawili nyuma ya karatasi ile ile: "Sasa zinapumua." Mwandiko wake ulikuwa wa kawaida kabisa, mstari mmoja wa uzi, na mimi niliutazama kutwa. Nilikuwa nishapenda, sina la kuficha.

Mambo yalikwenda kama yanavyokwenda kwa watu wenye heshima zao. Nilimwambia mama, mama akamwambia baba. Baba yangu alikuwa fundi wa kanzu. Kutwa akikaa kwenye duka letu chini ya nyumba akidarizi shingo za kanzu kwa hariri, na mazungumzo yake yalikuwa mafupi kuliko uzi wake. Aliniita.

"Naam, baba."

"Mama yako kanambia. Mie nimeridhika. Andika barua wewe, mwandiko wako unajulikana. Mie ntatia jina langu."

"Maneno yako yatakuwaje, baba?"

"Unayajua maneno ya posa. Umeshawaandikia watu wangapi?"

Akarudi kwenye sindano yake. Nikaona hilo si neno. Nilikaa na karatasi bora kuliko zote za ofisini, nikaandika na kuchana mara nne, na ya tano ikanifurahisha. Nilijaza pale panapohitaji sifa za kijana. Nikaandika kwamba kijana wetu ni mtu wa adabu, mwenye subira, mchapakazi asiyejua uvivu, anawaheshimu wazee wake, na mwandiko wake unasifika mji mzima. Hilo la subira lilikuwa uongo na nilijua. Mistari ilikuwa mizuri ajabu, na t nilizirudishia mbao zao. Baba aliweka jina lake chini bila ya kuisoma, na ami yangu, aliyekuwa mshenga, akapanda gari la shamba kwenda Bububu na leso yake mkononi.

Alirudi alasiri ile ile, na hilo peke yake lilinitia hofu, maana posa haijibiwi siku moja. Leso alikuwa nayo. Barua ilikuwa ndani yake. Aliketi barazani kwetu, akavua viatu, akamwita baba, na mimi nikasimama mlangoni.

"Kasema nini?" baba aliuliza.

"Kaisoma yote, kisha akaniuliza nani kaiandika. Nikamwambia, si imetiwa jina hapo chini? Akaingia ndani, akatoka na barua nyingine, ya watu wa Mangapwani, ile waliyomposea binti yake mkubwa. Akaziweka pamoja mkekani. Akanambia, 'Tazama t hizi na t hizi. Mkono huu mmoja. Huyu bwana kishaniposea binti yangu wa kwanza, sasa anamtaka wa pili. Kazi yake kuposa?'"

Baba hakucheka.

"Nikaona hapana budi nimwambie kweli," ami aliendelea. "Nikamwambia ni kijana mwenyewe, ndiye mwandishi wa mtaa. Ndipo akaisoma tena, polepole, pale penye adabu na subira na uchapakazi. Akasema, 'Basi huyu kajisifu mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, akatia na mwandiko wake ndani ya sifa. Mimi sikuposewa na mzazi, nimeposewa na kijana. Mrudishie. Kama baba yake ananitaka, aniandikie yeye. Kuna barua nyingine ya watu wa Mkunazini naiweka mpaka Ijumaa. Ijumaa ntajibu moja.'"

Siku ile ilikuwa Jumanne. Ami aliyasema yote hayo bila ya kunitazama, na hiyo ilikuwa hisani yake. Uso uliniwaka. Nilimwona yule mzee na barua mbili mkekani, akizifuata t zangu kwa kidole, moja baada ya moja, na mbao zake juu. Mstari ule ule nilioringia ndio uliokwenda kunishitaki.

"Basi, baba, utaandika?" niliuliza.

"Mimi naandika kwa herufi za Kiarabu tu," alisema. "Herufi zangu za chuoni. Za Kizungu nazisoma, siziandiki. Watu wa sasa wanasoma za Kizungu, na wewe mtu wa ofisi. Watasema kijana karani, baba yake mshamba. Siandiki."

Akaingia dukani. Nilimjua, alipokwisha kusema siandiki, mama mwenyewe hakuweza kumgeuza.

Jumatano nikafanya jambo la kipumbavu. Niliazima ofisini kalamu ya mwenzangu yenye nibu ngumu ya kawaida, na chakula cha mchana sikula. Nilikaa nyumbani nikijifunza kuandika vibaya. Niliisimamisha kalamu wima ili mstari usinenepe. Nikazipinda herufi upande wa kulia, nikazifupisha, nikaziachia t zangu vijiti vitupu. Nilitaka mwandiko wa mzee asiyekuwepo, nimpelekee kama wa baba. Kila neno la tatu mkono wangu ulirudi kwenye desturi yake, unene ukajitokeza hata kwa nibu isiyoweza kunenepa, maana nilikuwa nikipita mara mbili juu ya mistari ya kulala bila ya kujijua. Sikusikia baba akiingia.

Alisimama nyuma yangu. Kisha akachukua karatasi akaisoma, na safari hii aliisoma yote.

"Unataka kumwongopea baba wa mkeo siku ya kwanza?" alisema. Hakupandisha sauti. "Ukishampata huyo mke, utamwongopea lini tena? Kila Idi?"

"Baba, Ijumaa inakuja. Atampa wa Mkunazini."

"Nshasikia."

Alikaa kitako. Akanyoosha mkono. "Hebu nione hiyo kalamu yako. Si hiyo. Ile uliyoharibia jiwe la mama yako."

Nilimpa. Aliitazama ncha yake kwenye mwanga wa dirisha kama anavyotazama tundu ya sindano, akaipitisha kwenye ukucha wa dole gumba. Nilimwonyesha asikandamize, aiachie ijiendee, upana uko ndani ya nibu tayari. Akanambia yeye alikuwa akiandika kabla mimi sijazaliwa. Akavuta karatasi, akaandika Bismillahi. Nikainama nione. Kwa miaka miwili nilikuwa nikiilazimisha kalamu ile iandike kwa mkono usio wake. Kwake yeye ilikwenda bila ya ubishi, kutoka kulia kwenda kushoto, nene ilipolala, nyembamba iliposimama, kama sindano yake kwenye shingo ya kanzu.

"Inakata vizuri," alisema. Halafu akanitazama. "Haya, toka."

Sikurudi ofisini mchana ule. Nilituma udhuru kwamba naumwa na tumbo. Nilikaa barazani. Shangazi wa binti alipita na kapu lake la sokoni, akanisalimu, akaona uso wangu, akapita zake. Ndani nilisikia karatasi ikichanwa, kisha nyingine. Nilitaka kuingia nimwambie posa inatosha ukurasa mmoja, maneno yake yanajulikana, asijisumbue. Sikuthubutu. Alitoka karibu na magharibi na bahasha ishafungwa, akampa ami yangu mkononi, akarudi kwenye kanzu za watu.

Ijumaa baada ya Sala, ami alirudi kutoka Bububu mikono mitupu. Leso imebaki huko, na leso ikibaki ndiyo jibu.

Kuhusu harusi sina la kusimulia lisilojulikana. Watu walikula, wanawake waliimba, na mimi nilikuwa na joto ndani ya joho la kuazima. Tulipewa chumba cha juu katika nyumba ile ile ya Malindi. Mke wangu akaanza kusomesha, nami nikaendelea na ofisi. Barua za posa nikaacha kuandika, isipokuwa kama mzee mwenyewe yuko mbele yangu na maneno yake mdomoni. Tuliishi vizuri. Akinikuta nimenuna alikuwa ananiuliza zile subira za kwenye barua ziko wapi.

Hilo ndilo lililonifanya siku moja nimuulize. Miezi minane imeshapita, yeye anapanga nguo kwenye sanduku, mimi nimelala chali nasikiliza cherehani ya baba chini.

"Hizo subira umezisoma wapi? Barua ile ilirudishwa."

"Nliisoma kabla haijarudishwa. Tulikuwa likizo, niko Bububu, na baba alinipa." Alikuwa anacheka. "Nlicheka mpaka nkaumwa na mbavu. Nkamwambia, huyu ndiye, usimpe wa Mkunazini."

"Ulimwambia hivyo?"

"Akanambia ngoja kwanza nimsikie babake."

"Na ya pili? Ile ya baba?"

Akaacha kucheka. Alitia mkono chini ya nguo, akatoa leso, akaikunjua. "Baba kanipa niiweke. Wewe hujapata kuisoma?"

"Kijana haisomi."

"Kijana kishaoa," alisema, akanitilia mkononi.

Ilikuwa ukurasa mmoja tu. Mwanzo wake ulikuwa kama barua zote za posa, salamu na dua na kuulizana hali, kwa mistari mizuri iliyonenepa na kukonda panapostahiki. Nilikuwa nikiitazama kwanza kwa jicho la mwandishi, nikitafuta kosa. Kisha nikafika katikati. Hapo mistari ilikuwa minene yote, ya kulala na ya kusimama, hakuna wembamba hata mmoja, kama ya mtu aliyesahau kuwa ameshika kalamu na akawa anarudia juu ya kila mstari. Baba alikuwa ameandika:

"Barua iliyokufikia mwanzo kaiandika mwanangu, na sifa zile kajisifu mwenyewe. Nimezisoma. Isipokuwa hiyo subira, zote ni kweli. Wa kuzisema alikuwa ni mimi, tangu alipokuwa mdogo, na sikuzisema. Ndiyo maana imembidi aziseme mwenyewe. Kosa ni langu, usimhukumu yeye."

Niliisoma mara mbili, na mara ya tatu sikuweza kwa sababu ya machozi. Mke wangu aliniacha nilie, wala hakunitania. Nilipojifuta uso niliteremka dukani. Baba alikuwa ameinamia shingo ya kanzu nyeupe, uzi mdomoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Si tumeonana asubuhi? Una nini?"

Nilikuwa nimekusudia kusema mengi. Nikasema, "Nimesoma barua yako."

Aliutoa uzi mdomoni akautazama. "Ulikuwa hujaisoma?"

"Nilikuwa sijaisoma."

Aliichomeka sindano kwenye kanzu. Kisha akasogea kwenye mkeka akanipa nafasi. Nikakaa karibu yake mpaka bega langu likagusa la kwake, na hakuna kati yetu aliyesogea mpaka adhana ya alasiri.